Chakula cha Vifaranga wa Ningu

Mume wangu alikulia Nyakach, karibu na mto Sondu, na mpaka anakufa hakumhesabu mbuta, yaani sangara, kuwa samaki. Alimla, kwa sababu miaka ile ya themanini mbuta ndiye aliyekuwa amejaa sokoni, lakini alimla kama mtu anayekunywa dawa. Samaki kwake alikuwa ningu. Alinisimulia jinsi mvua kubwa zilipoanza, ningu walitoka ziwani wakaupanda mto kwenda kutaga, wengi mpaka maji yakawa yanachemka kwa mikia yao, na wanawake waliingia na vikapu kama watu wanaovuna. Mamake aliwapasua na kuwakausha juu ya moto, wakaliwa mpaka mvua ikasahaulika. Tulipooana ningu walikuwa wameadimika; ukiwauliza sokoni Kondele, mjini Kisumu, wachuuzi walicheka wakakuuliza kama umetoka gerezani.

Tulikutana kazini. Kulikuwa na kituo kidogo cha kuzalisha samaki upande wa Kisian, nje ya Kisumu, cha mradi mmoja wa maendeleo ambao siku hizi haupo. Mimi natoka Maragoli, milimani, ambako samaki hufika kwa basi akiwa amekauka. Nilikuwa nimesomea kazi ya maabara, nikaajiriwa kupima maji. Yeye alikuwa mzalishaji: kazi yake ilikuwa kuwafanya samaki watage ndani ya matangi. Ngege, wale wanaoitwa pia tilapia, hawakumsumbua. Walitaga wenyewe bila kuombwa, wakatunza watoto mdomoni, na watoto walipotoka walikuwa wakubwa wa kutosha kula pumba za mchele zilizosagwa. Lakini moyo wake haukuwa kwa ngege. Alimfuata mkuu wa kituo mara nyingi mpaka akapewa chumba kimoja na matangi mawili ajaribu kuzalisha ningu.

Wavuvi wa Sondu walimletea ningu wachache wakiwa hai ndani ya mapipa. Alimdunga jike sindano ya maji ya tezi aliyoitoa kichwani mwa samaki mwingine, akangoja, kisha akamkamua tumbo taratibu, mayai yakatoka kama uji wa mtama. Mayai yakaanguliwa. Nakumbuka alinishika mkono akanivuta mpaka kwenye tangi, akanionyesha vitu kama nyuzi zenye macho. Kwa muda walikula kiini cha yai walichozaliwa nacho chini ya tumbo. Kiini kilipoisha tukawapa pumba, tukawapa yai la kuku lililochemshwa na kupondwa, tukawapa maziwa ya unga. Wakafa wote. Nilipowatazama kwenye hadubini, matumbo yao yalikuwa matupu, meupe kama kioo.

"Wana njaa," alisema. "Midomo yao ni midogo mno, na hawataki kitu kilichokufa. Wanataka kitu kinachotembea. Wewe ndiye mtu wa maji. Nitafutie kitu hai kidogo kuliko midomo yao."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kufuga rotifa.

Rotifa ni kidudu cha maji baridi ambacho jicho halikioni vizuri. Ukijaza glasi ukaielekeza dirishani, utaona kama vumbi, ila vumbi hili linapanda na kushuka lenyewe. Kwenye hadubini kina umbo la kibuyu, kichwani kina nywele zinazozunguka kama gurudumu na kuvuta chakula mdomoni, na nyuma kinabeba mayai yake. Niliwavua kwenye bwawa letu kwa kitambaa laini, kisha nikakaa na mrija mwembamba wa kioo nikiwachagua mmoja mmoja ili nipate mbegu safi. Chakula chao kilikuwa maji ya kijani, na maji ya kijani niliyatengeneza kwa mbolea ya kuku: unaifunga kwenye gunia, unaliloweka ndani ya pipa, unaliacha pipa juani mpaka maji yanageuka rangi ya majani machanga.

Mwenzangu katika kazi hiyo alikuwa mama mmoja wa Kondele aliyeajiriwa kuosha matangi. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Nilipomweleza kwamba karibu rotifa wote ni majike, na kwamba jike anazaa majike wenzake bila dume, aliacha brashi akanitazama.

"Hawana haja ya bwana?"

"Hawana."

"Basi hao ndio wameokoka," akasema, akarudi kusugua.

Tulicheka sana siku hiyo. Naiandika kwa sababu baada ya hapo hakuna vicheko vingi vya kuandika.

Shida ya rotifa ni kwamba wanakufa kwa pamoja. Leo pipa limejaa, maji yamekuwa mazito kwa wingi wao. Kesho unakuta maji meupe na harufu ya kitu kilichooza. Ukiwapa chakula kingi, maji yanachacha. Ukiwapa kidogo, wanapungua. Baridi ikiingia wanazubaa. Umeme ukipotea, pampu ya hewa inasimama, nao wanazama chini. Na kuna vidudu vingine vinavyoingia na vumbi au na mkono mchafu, vinakula chakula chao mpaka wanashindwa kuzaana. Nilijifunza kila njia ya kuwapoteza. Na pipa langu likifa, vifaranga wa ningu walikuwa wakifa baada yake, hata kama mume wangu hakukosea lolote.

Kilichonikatisha tamaa zaidi ni kwamba ningu hutaga wakati wa mvua kubwa tu. Kwa hiyo tulikuwa na nafasi moja kwa mwaka. Mwaka mmoja rotifa walikufa kabla mayai hayajaanguliwa. Mwaka mwingine walikuwa tele, lakini wavuvi wakaleta madume tu. Mwaka uliofuata vifaranga walikula kidogo, tukaanza kujipongeza, kisha ukungu ukawaingia wakageuka kama pamba. Kila baada ya kushindwa, mume wangu aliosha matangi kwa mikono yake mwenyewe, akayafunika, akarudi kwa ngege. Hakunilaumu. Nilitamani mara nyingine anilaumu. Tulikuwa tunarudi nyumbani, chumba chetu kilikuwa mtaa wa Obunga, tukila, na najua wote wawili tulikuwa tukihesabu miezi mpaka mvua.

Hatukujaliwa mtoto. Watu walisema mengi juu ya hilo. Mimi sitasema kitu.

Miaka ya tisini ilipofika katikati, gugumaji lilikuwa limeifunika ghuba ya Kisumu. Ungesimama ufukweni ukadhani ni shamba, na maua yake ya zambarau yalikuwa mazuri ajabu kwa kitu kibaya kama kile. Mashua zilikwama. Pampu yetu iliyovuta maji ziwani iliziba kila mara, na mume wangu aliingia majini kuisafisha na panga. Nilidhani kikohozi chake kimetokana na baridi ya huko. Alimeza dawa za malaria, kikohozi kikaendelea. Alimeza dawa za kifua, kikatulia, kikarudi. Mashati yake yakaanza kumning'inia mabegani. Miaka ile kila mtu Kisumu alijua mtu aliyekonda namna hiyo, na kila mtu alikuwa amejifunza kutouliza. Walimtazama yeye, kisha wakanitazama mimi, wakingoja nami nianze.

Mvua zilizofuata, mvuvi mmoja wa Sondu alileta jike mmoja aliyejaa mayai na madume wawili. Alisema alizunguka sana kuwapata na kwamba hajui kama atapata wengine tena. Mume wangu hakuweza tena kusimama kwa muda mrefu. Alikaa kwenye kigoda kando ya beseni, akamdunga jike mwenyewe, na wakati ulipofika akamkamua mwenyewe, akipumzika kila mara, jasho likimtoka usoni. Jike hakuishi baada ya hapo. Lakini mayai yalikuwa mazuri. Yakaanguliwa karibu yote.

Mapipa yangu mwaka huo yalikuwa na nguvu kuliko wakati wowote. Niliwachuja rotifa kwa kitambaa, nikawasuuza, nikawamwaga kwenye tangi la vifaranga. Nikachukua kifaranga mmoja nikamweka chini ya hadubini. Ngozi yao ni angavu, unaona ndani. Tumboni mwake walikuwamo rotifa, wamejipanga, mmoja bado anatikisika.

Nilimwita mume wangu. Hakuweza kuinama kwenye meza, kwa hiyo mimi na mwenzangu tukaishusha hadubini tukaiweka kwenye kigoda mbele yake, taa tukaishika kwa mkono. Alitazama kwa muda mrefu.

"Wanakula," alisema.

Mwenzangu akapiga vigelegele mpaka mkuu wa kituo akatoka ofisini mwake kuuliza nani ameolewa.

Juma hilohilo alilazwa hospitali. Nilikuwa nikishinda naye, nikipita kituoni asubuhi na jioni. Mwenzangu alikuwa amejifunza kila kitu kwa kunitazama: kubadilisha maji, kuchuja, kulisha. Kila nilipoingia wodini mume wangu hakuniuliza habari ya nyumbani wala ya watu.

"Wamekula?"

"Wamekula."

"Wanaogelea juu au chini?"

"Katikati. Wameanza kufukuzana."

Alifumba macho, nikaona yuko nao. Siku ya mwisho hakuuliza. Ilikuwa alasiri, wodi imejaa wageni, mtu wa kitanda cha pili anaimbiwa nyimbo za kanisa. Mkono mmoja ulikuwa na dripu na wa pili ulikuwa umevimba, kwa hiyo nilimshika miguu. Niliposikia imekuwa baridi, nilimwita nesi, naye akaja akavuta shuka mpaka usoni.

Tulimpeleka Nyakach. Alizikwa kulia mwa nyumba ya kwao, nami nikavishwa koti lake kama ilivyo desturi ya mjane, nikanyolewa, nikakaa. Mamake hakuwa mtu mbaya kwangu. Aliniita Nyar Maragoli, yaani binti wa Maragoli, tangu siku ya kwanza, na jina hilo alilitamka kwa upole. Alikuwa ameshawazika wana wawili kabla ya huyu. Alinilisha kwa mkono wake nilipokataa kula.

Nilijua kwamba nitakaa pale mpaka wazee waseme basi. Nilijua pia kwamba vifaranga wako katika wakati wao mbaya zaidi, wanataka chakula kila siku, wala hawajawa wakubwa wa kula pumba. Nililala kwenye mkeka nikiwaza juu ya mtu aliyekufa, na katikati ya mawazo hayo nikaona pipa. Nilijaribu kuliondoa pipa kichwani, likarudi. Sikuwa na mtu wa kumwambia hilo. Ungemwambiaje mtu kwenye matanga kwamba unawaza vidudu?

Siku moja watu walipokuwa wakija na kuondoka, nilimwona mwenzangu akiingia langoni na kitenge chake cha kwenda kanisani. Alilia mlangoni kama inavyopasa, akasalimia wazee, kisha akaja akakaa kwenye mkeka karibu nami. Akanishika goti. Nikajua.

"Sema," nikamwambia.

"Umeme ulipotea, mama. Ukakaa bila kurudi. Nilikoroga kwa mkono, nilikoroga mpaka mabega yakakataa. Asubuhi mapipa yote yalikuwa meupe."

"Na watoto?"

"Nilijaribu yai. Nilijaribu hamira. Nilikwenda bwawani na kitambaa nikachota nilichopata." Akainamisha kichwa. "Wako chini ya tangi."

"Wote?"

"Wachache wanatikisika. Ukija leo, pengine."

Nililia kwa sauti ambayo sikuitoa kaburini. Wanawake wakaja mbio wakanizunguka, wakaniambia Mungu anajua, alikuwa mume mwema. Walikuwa wakisema kweli, na hawakujua ninalia nini, na hata mimi sikuweza kutenganisha.

Nilipotulia nilimfuata mama mkwe jikoni. Nilimpigia magoti. Nikamwambia kwamba kazi ya mwisho ya mwanawe iko Kisian na inakufa, na kwamba nikipata gari sasa hivi nitakuwa nimerudi kesho. Nilimweleza kwamba ni ningu. Aliposikia neno hilo aliacha kukoroga sufuria.

"Ningu," akasema. "Alikuwa anasimama pale mlangoni akingoja nikaushe."

"Ndiyo, mama. Ndio hao. Bado wako wachache."

Alivuta ukuni mmoja kutoka motoni, nikadhani atakubali.

"Nyar Maragoli," akasema, "ukivuka lango hilo kabla ya wakati, tukapatwa na chira, nani atakufa? Huyu mwana wa mwisho niliyebaki naye? Ama wewe? Nimezika watatu. Usinifanye nichimbe tena kwa ajili ya samaki."

Kwetu Maragoli tunayo mambo yetu ya namna hiyo, kwa hiyo sikuweza kumcheka hiyo chira yake, ile laana inayompata anayevunja mwiko. Nilitazama mikono yake na jivu lililoshika kwenye ukucha. Nikasema, "Sawa, mama." Nikarudi mkekani. Mwenzangu alipoona uso wangu akajifunga kitenge, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Niliporudi Kisian, tangi lilikuwa limeoshwa na kugeuzwa juani. Mwenzangu alikuwa ameacha pipa moja bila kuligusa, hakujua kwa nini. Ndani yake, chini kabisa, kulikuwa na tope jembamba la rangi ya kahawia. Sasa rotifa wakiona mambo yameharibika, huzaa mayai ya aina nyingine, magumu, ambayo hulala topeni mpaka maji yawe mazuri. Nilikuwa nimeyasoma hayo shuleni na sikuwahi kuyahitaji. Nilitia tope lile kwenye beseni, nikaongeza maji safi, nikaliweka kwenye jua la asubuhi. Baada ya siku chache nilielekeza glasi dirishani na vumbi lilikuwa linapanda na kushuka.

Sikufurahi. Nataka kuliandika hilo waziwazi, kwa sababu watu nikiwasimulia hufikiri hapo ndipo nilipopata faraja. Walirudi kwa urahisi ule, wakazaana, wakajaza mapipa matatu, na hapakuwa na mdomo hata mmoja wa kuwala. Nilisimama mbele yao nikiwa nimevaa kitambaa kichwani kuficha nywele zilizonyolewa, nikawachukia.

Hata hivyo nilikaa nao mwaka mzima. Mvua kubwa zilipokaribia niliomba ruhusa, nikaenda Sondu na kuwatafuta wale wavuvi. Yule aliyetuletea jike wa mwisho alinipeleka mahali walipotega mitego yao ya fito kwenye mkondo. Nilishinda ukingoni na mapipa mawili na pampu ndogo ya betri. Mto ulijaa, ukawa mwekundu kwa udongo, ukabeba migomba na matawi. Mitego iliinuliwa ikiwa na majani. Niliongeza muda wa ruhusa, nikalala kwa mama mkwe, nikarudi ukingoni kila kukicha. Walipata samaki wadogo wa aina nyingine. Walipata kamongo mmoja. Mvuvi alikuwa anaona haya kama kwamba yeye ndiye aliyewaficha.

"Pengine mwakani, mama," aliniambia mara ya mwisho nilipofunga mapipa yangu.

Nilimjibu kwamba ndiyo, pengine. Sikurudi tena.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa haki. Alinivumilia mpaka mradi ulipoanza kumbana, kisha akanieleza kwamba sasa tutazalisha mumi, yaani kambare, ambaye wavuvi wa mbuta wanamtaka kwa chambo, na kwamba chakula changu kitawafaa vifaranga wake siku za mwanzo. Nikawalisha mumi. Walikula kwa pupa, wakanenepa, karibu wote wakapona. Wageni walikuja kuwatazama, wakanipa mkono. Sikuwahi kumpenda mumi, na najua hana kosa.

Haikudumu. Mradi uliisha kama miradi inavyoisha, magari yakachukuliwa kwanza, kisha meza, kisha hadubini. Sisi wawili tulibaki mwisho kwa sababu ya kuosha. Siku ya kumwaga mapipa, mwenzangu alichukua chupa ya soda akaichovya kwenye maji ya kijani.

"Nikuachie kidogo?" aliuliza. "Ukae nayo nyumbani. Huwezi kujua."

"Nitawalishia nani?"

Akaishika chupa kwa muda, akinitazama kama atabisha. Mimi nikaegemea pipa kwa bega, likainama, maji yakatoka yakaelekea mtaroni. Naye akaimwaga chupa yake hapohapo, akachukua brashi, akaanza kusugua.